Sikio la Plastiki

Jumanne usiku mwizi alivunja dirisha la jikoni,
akapitisha upembo katikati ya vyuma
akavua redio, kifuniko cha sufuria ya presha,
na miwani yangu ya kusomea. (Ya nini kwake, miwani?)
Asubuhi nilikikuta kioo ndani ya sinki,
kimepasuka mara elfu na bado kimeshikana,
kimekunjamana kama chapati.
Na juu ya kabati, kile kihisi
kikipepesa taa yake ya kijani:
salama, salama, salama.

Mwikali ndiye alikinunua. Akapiga kutoka Eldoret:
"Mama, si kilitakiwa kulia?"
Kilitakiwa.
Sikio la kufa halisikii dawa,
lakini hili ni jipya, lina dhamana ya miaka miwili.

Fundi Onsongo akaja na ngazi ya kuazima.
Akabadilisha betri. Akapiga makofi. Akachezesha funguo.
Taa ikabaki kijani, kama karani saa ya chai.
Vijana wengi huongea wakitazama simu;
yeye alinitazama usoni, sikupoteza neno:
"Hiki husikiliza vitu viwili, mama.
Kwanza kishindo kizito, kioo kinapopigwa.
Halafu ule mlio mwembamba wa vipande.
Kikipata cha kwanza bila cha pili, kinanyamaza.
Hakitaki kuamsha mtaa kwa mlango uliobamizwa."

Nilimwelewa upesi kuliko alivyotarajia.
Miaka ishirini na sita nilikuwa opereta wa simu, mjini,
vipokezi masikioni, nyaya vidoleni.
Kwa pumzi tu nilijua
nani anaomba karo
na nani ana msiba anaoutafutia mlango.

Akashika pazia. Mahameli, zito,
nililolishona Buruburu ilipoanza kuota ghorofa
na majirani wakawa wanasoma chungu changu kutoka juu.
"Hili linameza sauti."
Akapitisha ukucha kwenye dirisha lililosalia:
ile karatasi ya kuzuia jua, niliyoibandika mwenyewe.
"Na hii inakifumba kioo mdomo.
Kinakufa bila kupiga kelele."

Basi tukashusha pazia.
Tukabandua karatasi kwa maji moto na kisu cha siagi.
Akakihamishia kihisi ukutani, kikodolee dirisha,
akakiweka katika hali ya majaribio.
"Sasa nipe kitu cha kuvunja."
Nikampa gilasi ya harusi, ya mwisho kati ya sita.
Marehemu angenuna. Angenuna, kisha angechukua nyundo mwenyewe.

Fundi akaiweka kwenye karai chini ya dirisha.
Mimi nikageuka kutia majani kwenye chai,
nikapima sukari, nikangoja.
Nilipogeuka tena taa ilikuwa nyekundu,
Onsongo ameziba masikio kwa viganja,
na ng'ambo ya ua mbwa wa Bi Mghoi
anazunguka mnyororo wake, mdomo wazi.

"Umeshavunja?" nikauliza.

Hakujibu. Akabonyeza kitu, akashusha mikono.
Akaja mbele yangu, akainama kidogo.
"Umesikia nini, mama?"

Kishindo nimekipata. Kimepitia sakafuni, hadi kwenye nyayo.
Ule mwembamba haukufika.

Na Jumanne, sasa nakumbuka,
Jumanne pia kulikuwa na kishindo.
Nikadhani paka. Nikageukia ukuta.

Akanywa chai yake yote, akakataa nauli,
akafagia karai mara mbili.
Mlangoni akaniachia namba iliyoandikwa nyuma ya risiti,
ya dada yake, nesi wa masikio,
bila kusema ni ya nini.

Jioni Mwikali akapiga. Akauliza jambo.
Nikahamishia simu upande wa kushoto,
na ulimi, wenyewe, ukarudi kazini:
"Rudia, tafadhali. Laini ni mbaya."